Siku sita Třeboň, msimu wa kukausha mabwawa

Siku ya kwanza: kutoka Praha

Treni inayotoka stesheni kuu ya Praha kwenda České Budějovice humshusha abiria wa Třeboň, mji mdogo wa kusini mwa Ucheki, mahali paitwapo Veselí nad Lužnicí. Hapo anapanda treni ndogo ya kuelekea České Velenice, mpakani na Austria. Ashuke Třeboň lázně. Kituo kinachoitwa Třeboň tu kiko mbali zaidi na mji wa kale, na mwenye begi zito atauona umbali huo.

Safari hii inafaa katikati ya Oktoba, maana ndipo mabwawa makubwa yanapokaushwa na samaki kuvunwa. Asubuhi kuna ukungu mzito na baridi inayopenya, kwa hiyo koti lisilopitisha maji na viatu visivyoogopa tope ni vya lazima. Anayekuja mwezi wa Julai ataona maji mazuri na watalii wengi, lakini hataona kazi yenyewe.

Tazama dirishani kuanzia Veselí. Nchi ni tambarare kama meza. Hili ni bonde la Třeboň, ardhi ya mchanga na mfinyanzi ambayo mto Lužnice unaipita polepole kutoka Austria ukielekea kaskazini. Kabla ya mikono ya watu, sehemu kubwa ilikuwa kinamasi: jembe lilizama, ng'ombe walikwama. Leo eneo hili lina mabwawa karibu 500, na hakuna hata moja lililojitokeza lenyewe. Msitu, shamba na maji vimefumwa pamoja kiasi kwamba mwaka 1977 UNESCO iliutambua ukanda huu kuwa hifadhi ya bayongahewa, ingawa karibu kila kitu ndani yake kimepangwa na binadamu.

Mji una wakazi wapatao 8,000, kwenye mwinuko wa mita 434. Ukuta na malango yake bado yapo, na uwanja wa kati umezungukwa na nyumba za rangi zenye baraza za matao. Jengo la halmashauri ni la mwaka 1566, na mnara wake uliongezwa karne iliyofuata. Saa mbili zinatosha kuuzunguka. Tenga muda zaidi kwa kanisa la Mtakatifu Jiljí: ndani yake nguzo nyembamba zimesimama katikati na kuligawa jengo pande mbili, jambo lisilo la kawaida kwa kanisa la enzi hiyo. Altare yake maarufu ya miaka ya 1380, kazi ya mchoraji ambaye jina lake limepotea na ambaye sasa huitwa tu Bwana wa Altare ya Třeboň, haiko hapa tena. Paneli zake zilizosalia ziko Praha.

Kila mlangoni utaona ua la waridi lenye petali tano. Ni nembo ya ukoo wa Rožmberk, waliouchukua mji huu mwaka 1366 na kuushika mpaka Petr Vok, wa mwisho wao, alipofariki mwaka 1611 bila mtoto. Baadaye, kuanzia 1660, ulikuwa wa ukoo wa Schwarzenberg. Watalii wengi huja kuuliza habari za John Dee, Mwingereza aliyeishi hapa kati ya 1586 na 1589 akitafuta siri za malaika na dhahabu kwa ufadhili wa Vilém wa Rožmberk. Dhahabu ya Vilém ilikuwa nje ya ukuta, ikiogelea.

Siku ya pili: mfereji wa Zlatá stoka

Panda treni ya asubuhi kuendelea upande wa kusini hadi Majdalena, ukiwa na baiskeli. Karibu na kijiji hicho, kwenye kizuizi cha maji cha Pilař, sehemu ya Lužnice hugeuzwa na kuingia mfereji uitwao Zlatá stoka, yaani Mfereji wa Dhahabu. Ulichimbwa mwanzoni mwa karne ya 16 chini ya Štěpánek Netolický, mtu wa asili ya kawaida aliyepanda hadi kuwa fundi mkuu wa mabwawa ya Rožmberk. Una urefu wa karibu kilomita 48, na unarudi kwenye Lužnice kule kule Veselí ulikobadilishia treni.

Ukiutazama kwa mara ya kwanza utasema ni mtaro tu: upana wa hatua chache, maji ya rangi ya chai iliyokolea. Rangi hiyo hutoka kwenye vinamasi, si uchafu. Tupa jani la mwaloni majini uende nalo. Linasogea kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, na halisimami. Humo ndimo ulimo ufundi wote. Mteremko ukizidi, maji hula kingo na kuchimba sakafu. Ukipungua, tope hutua, majani huota, na mfereji hujiziba wenyewe. Netolický alilazimika kuufuata mwinuko wa ardhi, kupinda kila penye kichuguu, na bado kubakiza tofauti ndogo ya kimo itoshe mpaka mwisho. Miaka 500 baadaye mfereji bado unatumika.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu bwawa linalotegemea mvua peke yake haliaminiki. Mwaka wa ukame halijai. Wakati wa joto maji yaliyolala hukosa oksijeni, hasa kabla ya mapambazuko, baada ya mimea na mwani kuitumia usiku kucha bila kutengeneza mpya. Fundi mwenye mfereji hufungua lango, maji mapya yakaingia, samaki wakapona. Mfereji huu mmoja hulisha mabwawa mengi njiani, na ndani ya mji uliwahi kuendesha vinu, kujaza handaki la ngome na kukipa maji kiwanda cha bia, ambacho historia yake inahesabiwa tangu 1379.

Kinachouharibu ni vitu vidogo. Majani ya vuli huziba vyuma vya kuchujia. Panya-maji hutoboa kingo. Mti ukianguka mahali pamoja, maji hupanda nyuma yake na kupenya ukingo ulio dhaifu, na ukingo wa mchanga ukianza kuvuja usiku, kufikia asubuhi ni pengo. Ndiyo maana mfereji huu haukuwahi kuachwa bila walinzi. Kicheki kina neno lake kwa mlinzi wa mabwawa, baštýř, na nyumba yake huitwa bašta.

Njiani kurudi utapita bwawa la Opatovický, kazi nyingine ya Netolický. Kwenye kinu cha zamani karibu nalo, Opatovický mlýn, kuna maabara ya sayansi inayofuga mwani tangu miaka ya 1960.

Siku ya tatu: Svět, bwawa lililokula kitongoji

Toka mjini kwa lango la kusini, vuka barabara, na mara moja uko juu ya tuta. Mbele yako ni Svět, maana yake Dunia, maji ya hekta 200 hivi. Lilijengwa kuanzia 1571 na Jakub Krčín, msimamizi mkuu wa mali za Rožmberk, mtu mwenye kipaji na mkono mgumu. Ili kupata nafasi alibomoa kitongoji kizima nje ya ukuta. Wenyeji walilalamika sana, na si kwa nyumba tu: waliogopa kuishi chini ya maji mengi kiasi hicho. Jina la kwanza la bwawa lilikuwa Nevděk, Utovu wa Shukrani. Simama juu ya tuta ulinganishe uso wa maji na paa za upande wa mji, utawaelewa.

Sasa tuta lenyewe. Kwanza fundi huondoa udongo wote wa juu wenye mizizi, kwa sababu mizizi ikioza huacha mirija na maji huifuata. Kisha huchimba mtaro katikati ya msingi mpaka afikie mfinyanzi usiopitisha maji, na kuujaza mfinyanzi mwingine, tabaka kwa tabaka, kila tabaka likishindiliwa kabla ya jingine kuja. Huo ndio moyo wa tuta. Pande zote mbili huwekwa udongo wa kawaida, na upande wa maji hupangwa mawe, maana mawimbi ya upepo hukwangua udongo mtupu msimu baada ya msimu. Mwisho hupandwa miti ya mialoni. Mingi iliyopo leo ina mamia ya miaka, na mizizi yake imeyashika mabega ya tuta. Mwaloni ukifa hukaguliwa mapema, kwa sababu ile ile: mzizi uliooza ni bomba.

Bomba lenyewe la kutolea maji huwekwa kabla tuta halijapanda, mahali pa chini kuliko pote. Zamani lilikuwa gogo la mwaloni lililochongwa ndani, na mengine yalidumu kwa karne. Siri ni kwamba mwaloni uliozama daima hauozi, kwa kuwa ukungu unaokula mti unahitaji hewa. Gogo lililowekwa juu kidogo, likawa linalowa na kukauka, lilioza haraka. Hatari kubwa zaidi iko nje ya bomba: udongo ukishindiliwa vibaya pembeni yake, maji hutambaa kando ya mti, hubeba chembe moja moja, na tuta hubomoka kutoka ndani huku juu likionekana zima.

Mabwawa madogo siku hizi hutumia mnara mfupi wa zege uliofunguka upande mmoja, wenye mifereji mitatu ya wima. Mfereji wa mbele hushika chujio la kuzuia samaki. Miwili ya nyuma hupangwa mbao, moja juu ya nyingine, na kati ya safu hizo mbili hushindiliwa udongo au machicha ya mbao ili pasivuje. Kimo cha maji ni kimo cha ubao wa juu. Anayetaka kupunguza huondoa ubao mmoja, husubiri, kisha mwingine. Wenye haraka hung'oa mbao tatu kwa pamoja. Maji hutoka kwa nguvu, huchafuka tope, na samaki walio kwenye vidimbwi vya pembeni hubaki nyuma, hawafiki kwenye kina. Mfugaji wa sato mwenye bwawa la robo ekari anaweza kuiga mnara huu bila kubadili kitu isipokuwa ukubwa.

Ng'ambo ya maji, upande wa Domanín, kuna kaburi la ukoo wa Schwarzenberg, jengo la mtindo wa Kigothi mamboleo lililojengwa 1874 hadi 1877. Na kama magoti yameanza kulalamika, Třeboň ni mji wa tiba ya tope la kinamasi tangu 1883, alipoanzisha kazi hiyo mwalimu Václav Hucek. Tope jeusi hupashwa moto, mgonjwa hulala ndani yake kama dakika 20, kisha hufunikwa blanketi apumzike. Mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.

Siku ya nne: tuta la Rožmberk

Kaskazini ya mji, kwa baiskeli chini ya nusu saa, liko bwawa kubwa kuliko yote ya ufugaji wa samaki katika Ucheki. Krčín alilijenga kati ya 1584 na 1590 kwa watu wapatao 800. Tuta lina urefu wa mita 2,430 na limepinda kama upinde. Maji hufunika hekta 489 hivi, na hujaa mita za ujazo milioni 6. Gawanya namba hizo uone: wastani wa kina ni mita moja na robo. Wengi hushangaa, wakidhani bwawa bora ni lenye kina kirefu. Kwa karpu, samaki mkuu wa mabwawa haya, ni kinyume. Maji ya kina kifupi hupata joto upesi, mwanga hufika chini, na vijidudu anavyokula samaki huzaliana kwa wingi.

Krčín alikuwa na tatizo moja kubwa: bwawa lake liko juu ya mto wenyewe. Mafuriko ya Lužnice yangelifagia. Kwa hiyo alichimba kwanza mto mwingine, Nová řeka, yaani Mto Mpya, wenye kilomita 13 na ushee, unaochukua maji ya ziada kutoka Lužnice na kuyapeleka mto Nežárka, upande wa mashariki. Mito hiyo miwili hukutana tena Veselí, chini ya bwawa. Mkondo wa zamani, Stará řeka, uliachwa na maji ya kiasi, na sasa ni hifadhi ya msitu wa maji yenye miti iliyoanguka isiyoguswa. Ukitaka kuona bonde hili lilivyofanana kabla ya Netolický, nenda huko.

Mwezi Agosti 2002 hesabu za Krčín zilipimwa. Mvua zilizofurisha Praha zilijaza pia Lužnice, na Rožmberk likabeba takriban mita za ujazo milioni 70, karibu mara 12 ya kawaida yake. Maji yalitanda juu ya mashamba na misitu ya nyuma. Tuta halikuvunjika, na vijiji vya chini vikapata muda. Tembea tuta lote kwa miguu, halafu teremka upande mkavu na uangalie juu. Karibu na tuta utaona Rožmberská bašta, nyumba ya mlinzi, kuta zake zikiwa zimechorwa kwa kukwaruza lipu ya rangi mbili.

Siku ya tano: mavuno

Fika Rožmberk kabla jua halijachomoza. Maji yameanza kutolewa wiki kadhaa nyuma, kidogo kidogo, na kilichobaki ni dimbwi kubwa karibu na lango, mahali palipochimbwa kina zaidi makusudi. Wacheki huliita loviště. Samaki wote wa hekta 489 wamefuata maji mpaka hapo. Nje yake ni uwanda wa tope unaong'aa, umejaa kulasitara na shakwe.

Juya hupitishwa kwa mashua kulizunguka dimbwi. Wanaume waliovaa suruali za mpira hadi kifuani huvuta kamba pande mbili, na wengine hupiga maji kwa makasia ili samaki wasirudi. Hupigwa hatua fupi, kwa pamoja. Anayevuta mbele ya wenzake huinua ukingo wa chini wa wavu, na karpu, ambaye si mjinga hata kidogo, hupita hapo hapo kwenye tope. Wavu ukikaribia, maji huanza kuchemka migongo ya rangi ya shaba. Tazama samaki mmoja anapoinuliwa: mgongo wa juu kama kichuguu, mdomo unaochomoza na kurudi kama mfuko, sharubu nne, na wengi wana magamba machache makubwa tu ubavuni, ngozi iliyobaki ikiwa tupu kama ngozi ya buti.

Kutoka kwenye wavu huchotwa kwa nyavu za mkono, hupanda meza ya kuchambulia, kisha hupelekwa kwenye mapipa ya maji kulingana na aina na ukubwa. Wengi mno ni karpu. Wengine ni lín wa kijani, kambare wakubwa wa Ulaya, na samaki wawili wanaokula wenzao: štika mwenye mdomo mrefu kama wa bata, na candát anayefanana kwa mbali na sangara. Hao wawili huwekwa bwawani makusudi wale samaki wadogo wasio na bei, ambao wangemaliza chakula cha karpu. Mavuno ya Rožmberk hupita tani 100.

Yote hufanywa kwa baridi kwa sababu maalumu. Maji baridi hushika oksijeni nyingi, na samaki wa baridi hutumia kidogo. Mavuno haya haya mwezi wa Julai yangeua nusu ya samaki kabla hawajafika kwenye gari. Na siku ya upepo mkali kazi huwa ngumu, kwani tope hupanda na kuziba matamvua.

Karpu aliyeko mezani hapa ana miaka mitatu hadi minne. Hutaga mwezi Mei au Juni, maji yakifika nyuzi 18 hadi 20. Vifaranga hukua bwawa dogo, mwaka wa pili huhamishwa, na wa tatu au wa nne huwekwa bwawa kuu wafike kilo 2 na zaidi. Majira ya baridi wadogo hukaa bwawa maalumu lenye kina na maji yanayopita, kwa kuwa maji mazito kuliko yote ni ya nyuzi 4, nayo hutua chini, chini ya barafu. Theluji nene ikifunika barafu hiyo, mwanga hukatika, mwani huacha kutoa oksijeni, na wafugaji hutoka kuifagia na kutoboa matundu.

Josef Šusta, aliyeongoza mabwawa haya katika karne ya 19, alipasua matumbo ya karpu mengi na kukuta wamejaa viroboto-maji na mabuu, wala si tope na majani kama ilivyodhaniwa. Tangu hapo fundi wa Třeboň hulisha maji kwanza: samadi na chokaa kwa kiasi, vijidudu vizaliane, kisha nafaka juu yake. Kwa njia hiyo mabwawa ya Ucheki hutoa wastani wa chini kidogo ya kilo 500 kwa hekta. Samadi ikizidi, mwani wa kijani-buluu hutawala, na hilo limekuwa tatizo kubwa la sasa, pamoja na minandi na fisi maji wanaokula bila kulipa.

Siku ya sita: matangi na jikoni

Samaki waliovunwa hawauzwi siku ile. Hupelekwa sádky, safu ya matangi karibu na mji yenye maji safi yanayopita mfululizo, na hukaa humo bila kulishwa kwa wiki kadhaa. Ladha ya tope hutoka mwilini polepole. Mfanyabiashara anayefupisha muda huu huuza samaki mwenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa, na mteja hasahau. Siku chache kabla ya Krismasi mapipa hutolewa barabarani nchi nzima, kwa kuwa mlo wa jioni ya tarehe 24 Desemba ni karpu wa kukaanga na saladi ya viazi, na kichwa chake hutengeneza supu. Tangu 2007 jina la karpu wa Třeboň linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya.

Mifupa ya karpu huwatisha wageni. Ndani ya mnofu kuna miiba midogo yenye umbo la Y isiyoshikamana na uti wa mgongo, na huwezi kuing'oa yote. Wapishi wa hapa huulaza mnofu ngozi chini, na kwa kisu chenye makali sana huchanja kila milimita 3 au 4, kina kirefu bila kukata ngozi. Miiba hubaki vipande vidogo ambavyo mafuta ya moto huvilainisha. Ukiuchanja kwa nafasi ya sentimita moja, unamkaribisha mgeni hospitali. Mikahawa ya mji huukata mnofu huo vipande virefu kama chipsi, hupaka unga na kukaanga. Omba chumvi na limau tu.

Kabla ya treni ya mchana, pita tena bwawa lolote dogo lililokwisha kuvunwa. Baadhi huachwa tupu majira yote ya baridi ili barafu iue vimelea kwenye tope. Mengine hufungwa mara moja: mlinzi anashuka kwenye mnara, anatelezesha ubao wa kwanza mpaka chini, anashindilia udongo, anaweka wa pili, na maji ya Zlatá stoka yanaanza kutandaza utando mwembamba juu ya tope.